Dala Ilitoka Wapi?

Muulize mkazi wa Dar es Salaam kwa nini basi dogo la abiria linaitwa daladala, atakujibu bila kufikiri: nauli ilikuwa dala moja, yaani shilingi tano. Muulize dala ni nini, atakwambia ni dola ya Marekani, kwa kuwa siku hizo dola moja ilikuwa shilingi tano. Jibu hili ni fupi, linaingia akilini haraka, na limerudiwa mara nyingi hata watu wameacha kulipima. Mimi nililitilia shaka kwa sababu ya hesabu. Hizo "siku hizo" ni siku zipi?

Mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa rasmi Dar es Salaam mwaka 1983, baada ya miaka mingi ya kukimbizana na askari. Mabasi ya umma yalikuwa yamechoka, vipuri havipatikani, na fedha za kigeni za kuvinunulia hazipo. Jina la daladala linafungamana na kipindi hicho, kwa hiyo nilianza kwa kutafuta bei ya dola ya mwaka huo. Ilikuwa zaidi ya shilingi 10 kwa bei rasmi, na kwa walanguzi ilikuwa juu zaidi. Nikarudi nyuma. Mwaka 1966, shilingi ya Tanzania ilipoanza kutumika, dola ilikuwa shilingi 7 na senti 14, na bei hiyo ilikuwa imedumu tangu mwaka 1949. Mtu aliyezaliwa mwaka wa uhuru, 1961, hakuwahi kuiona siku ambayo dola moja ilibadilishwa kwa shilingi tano. Konda wa mwaka 1983 alilitoa wapi jina lake?

Wapo wanaoiacha Marekani kabisa. Kwao dala ni sarafu, ile nzito ya shilingi tano, yenye pembe badala ya mviringo, iliyotolewa mwaka 1971 kuadhimisha miaka 10 ya uhuru. Abiria aliitoa mfukoni, konda akaipokea, jina likatokana na kinachopita mikononi. Sina ugomvi na maelezo haya. Udhaifu wake ni kwamba yanalisogeza swali bila kulijibu. Sarafu ile imeandikwa shilingi tano. Hakuna upande wake hata mmoja ulioandikwa dala. Basi nani aliibandika jina hilo, na kwa kumbukumbu ya nini?

Njia ya moja kwa moja ilikuwa imefungwa, nikazunguka. Niliacha dala kwa muda nikayafuata magari mengine. Wazee wa Dar es Salaam husimulia kwamba kabla ya daladala kulikuwa na magari ya wizi wizi yaliyobeba abiria bila kibali. Mengine waliyaita taksi bubu, mengine chai maharage, na mengine thumni-thumni, kwa kuwa nauli yake ilikuwa thumni, senti hamsini. Nairobi nako gari la abiria liliitwa matatu, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, kwa sababu nauli ilikuwa mapeni matatu, senti thelathini. Matatu yaliruhusiwa mwaka 1973, lakini jina lilikwishazoeleka. Tazama sasa: thumni-thumni, matatu, daladala. Miji miwili na nauli tatu, na kila mara gari limepewa jina la pesa kama watu walivyoitaja, si kama serikali ilivyoiandika. Makonda hawakubuni kitu. Walikuta hesabu nzima ya mitaani ambayo baba na babu zao waliizungumza kila siku. Je, hesabu hiyo ilikuwa na mantiki, au ilikuwa masihara ya mjini tu?

Nilianza na peni, nikiamini ndiyo nyepesi kuliko zote. Peni ni neno la Waingereza. Hilo halina utata. Lakini peni ya Uingereza, hadi mwaka 1971, ilikuwa sehemu ya kumi na mbili ya shilingi. Peni ya Afrika Mashariki ilikuwa senti kumi, sehemu ya kumi ya shilingi. Hesabu hazilingani. Nilipekua maelezo ya viwango vya kubadilishia fedha nikitafuta mwaka ambao zililingana, na sikuupata, kwa sababu haukuwepo. Jibu lilikuwa kwenye sarafu zenyewe. Senti kumi ya Afrika Mashariki ilikuwa ya shaba, pana, yenye tundu katikati. Iweke juu ya peni ya zamani ya Uingereza, utaona upana wake unakaribiana sana. Watu hawakuihesabu, waliipima kwa kiganja. Kama peni ilipewa jina kwa umbo, je, thumni nayo?

Hapo ndipo safari ilipokuwa ngumu, na hapo ndipo ilipoanza kunipa faida. Thumni, au sumuni kama wanavyosema wengi wa bara, ina asili ya Kiarabu na maana yake ni sehemu moja ya nane. Wazee waliitumia kwa senti hamsini. Lakini senti hamsini ni nusu ya shilingi, na sarafu yenyewe ya enzi ya ukoloni iliandikwa hivyo kwa Kiingereza: nusu shilingi. Nusu inawezaje kuitwa sehemu ya nane? Kuna wanaosema watu walikosea tu, kwamba neno la kigeni lilichukuliwa bila kueleweka. Sipendi maelezo yanayoanza kwa kudhani kwamba wazee hawakujua kuhesabu. Waswahili waliofanya biashara na Muscat, Surat na Tabora walijua nusu ni nini. Ikiwa haikuwa sehemu ya nane ya shilingi, basi ilikuwa sehemu ya nane ya nini?

Katika karne ya 19 fedha kubwa ya Unguja na mwambao ilikuwa reale. Hakukuwa na reale moja. Kulikuwa na reale ya mzinga, sarafu ya Kihispania ambayo nguzo zake zilionekana kwa watu kama mizinga, na kulikuwa na reale yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambayo haijalishi ilitengenezwa lini, mwaka wake ulibaki 1780. Reale iligawanywa nusu, robo na thumni. Nikafurahi. Nikaenda kuitafuta sarafu ya thumni katika orodha za fedha za zamani ili nimalize kazi. Mwaka 1882 Unguja ilipata reale zake zenyewe, zenye jina la Sultani. Ilikuwapo reale nzima, ikawapo nusu, ikawapo robo. Thumni sikuikuta. Watu walikuwa wakitaja nini kila siku, ikiwa mkononi hakukuwa na sarafu ya jina hilo?

Walikuwa wakitaja thamani, na thamani hiyo waliilipa kwa fedha ya India. Rupia ilikuwa imeenea mwambao mzima, na reale ilihesabiwa kuwa rupia mbili na kidogo. Rupia moja ilikuwa na ana 16. Reale, ukiacha kile kidogo, ni ana 32. Igawe kwa nane, unapata ana nne, yaani robo ya rupia, na robo ya rupia ilikuwa sarafu ya kweli ya fedha iliyopita mikononi mwa watu. Kwa hiyo thumni ilikuwa sehemu ya nane kwa mwenye kuhesabu kwa reale, na robo kwa mwenye kuhesabu kwa rupia. Sarafu ni ile ile. Ila bado tuko kwenye rupia. Ilivukaje kuingia kwenye shilingi?

Ilivuka kwa amri ya wakoloni baada ya Vita vya Kwanza. Rupia ya Afrika Mashariki, ambayo kabla ya vita 15 zilikuwa pauni moja, ilipandishwa mwaka 1920 na kufungwa kwenye shilingi mbili. Baada ya majaribio mafupi ya fedha nyingine iliyoitwa florini, shilingi ikashika nafasi yake kuanzia mwaka 1921 na 1922. Fanya hesabu ya mama aliyekuwa na robo ya rupia Mombasa. Rupia moja ni shilingi mbili. Robo yake ni nusu shilingi. Nusu shilingi ni senti hamsini. Thumni yake ilibadilishwa sura, maandishi, na hata namba, kwa kuwa jana ilikuwa senti 25 za rupia na leo ni senti 50 za shilingi. Jina pekee halikuguswa. Hapa hakuna kosa la mtu asiyejua Kiarabu. Ni hesabu sahihi kabisa, imehifadhiwa ndani ya neno moja, kutoka reale hadi rupia hadi shilingi. Lakini je, hesabu hiyo inashika kila mahali?

Haishiki. Unguja na Pemba waliendelea na rupia hadi Januari 1936, na walipoingia kwenye shilingi rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi moja na senti hamsini, si shilingi mbili. Robo ya rupia ya Unguja, kwa hiyo, ilikuwa senti 37 na nusu. Hata hivyo Unguja nako wazee huita senti hamsini thumni. Nilikaa na tofauti hii muda mrefu, kwa sababu ingeweza kuangusha kila nilichokijenga. Maelezo yanayoniridhisha ni haya: kufikia mwaka 1936 thumni ya senti hamsini ilikuwa imeshazoeleka Mombasa, Nairobi na hata Uganda, ambako Waganda nao waliita senti hamsini sumuni. Neno lilitoka visiwani na mwambao likiwa sehemu ya reale, likapanda reli kwenda bara, likabadilika kuwa senti hamsini, kisha likarudi visiwani na thamani mpya. Kama neno linaweza kwenda na kurudi hivyo, je, kuna neno jingine la pesa ambalo njia yake tunaweza kuihakiki kwa ramani?

Lipo, nalo ni hela. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha kuigawa rupia yao katika pesa 64, wakaigawa katika heller 100. Heller zilidumu miaka michache tu. Mwaka 1916, vita vikiendelea na meli zikiwa haziwezi kupenya, walifua sarafu zao za mwisho kule Tabora, za shaba na hata za dhahabu zenye picha ya tembo, kisha utawala wao ukaisha. Ungetarajia neno liondoke nao. Badala yake hela ikawa jina la pesa zote, noti na sarafu, na Tanzania bara inasema hivyo mpaka leo. Hapa kipimo ni rahisi: kama neno limetoka kwa Wajerumani, lazima likutwe walikotawala na lipungue nguvu wasikotawala. Kenya, pesa ni pesa. Nenda Burundi, nchi iliyokuwa ndani ya koloni lile lile la Wajerumani, utasikia amahera. Ramani inakubaliana na neno. Neno jingine, pauni kwa maana ya shilingi 20, halihitaji hata ramani, kwa sababu noti za kikoloni ziliandikwa zote mbili pamoja: shilingi ishirini, au pauni moja. Sasa nilikuwa na vielelezo vinne. Je, vingenisaidia kuibana dala?

Kabla ya hapo ilinibidi kushughulikia dai moja ninalolisikia mara kwa mara: kwamba majina haya yalikuwa lugha ya mafumbo, yametungwa ili watoto na wageni wasijue mtu ana kiasi gani. Dai hili lina mvuto, na lina kipande cha ukweli. Waswahili walikuwa na lugha ya kufichana kweli kweli. Iliitwa kinyume: silabi ya mwisho inaletwa mbele, nyumba inakuwa mbanyu, pesa inakuwa sape. Kinyume cha Unguja kiliandikwa vitabuni tangu mwaka 1870. Aliyetaka kuficha alikuwa na chombo tayari. Thumni, peni na pauni hazikumfichia mtu chochote, maana mtoto mwenyewe ndiye aliyetumwa dukani nazo. Ikiwa hayakuwa ya kuficha, kwa nini watu hawakusema tu senti hamsini?

Nadhani jibu liko dukani. Familia nyingi hazikununua kwa ratili wala kwa kilo. Zilinunua kwa sarafu: sukari ya thumni, majani ya chai ya peni, mafuta ya taa ya thumni, chumvi ya ndururu, yaani senti tano. Mwenye duka alijua thumni ya sukari ni kiasi gani na akaifunga kwenye karatasi. Sarafu ilikuwa kipimo cha ujazo pamoja na kuwa pesa. Mtoto alihitaji neno moja la kushika njiani, neno lisilochanganyika na la jana, na sentensi nzima ikawa fupi: sukari ya thumni. Vivyo hivyo katika malalamiko. Sina hata ndururu ilisema umaskini wote kwa pumzi moja, na aliyeisikia aliiona ile sarafu ndogo yenye tundu. Mimi naona hapa ustadi wa kusema ambao tumeupoteza, wa watu waliotaja kitu kinachoshikika badala ya namba. Lakini noti ya shilingi tano haikuwa ya kununulia chumvi. Ilikuwa pesa ya mshahara, ya kodi, ya mahari. Nani aliyekuwa na haja ya kuipa jina la mkato?

Hapo nilirudi kwenye dala, na kwanza nilijaribu kuiunganisha na reale. Wasafiri na wamisionari wa karne ya 19 waliandika reale ya Unguja kwa jina la dola kila walipoitaja kwa lugha yao, na neno dola lenyewe limetokana na thaler, jina la Kijerumani la sarafu kama ile ya Maria Theresa. Mnyororo unapendeza. Unakatika mahali pawili. Kwanza, neno dola lilikuwa kwenye vitabu vya wageni. Waliokuwa na sarafu mkononi walisema reale. Pili, hesabu: reale ya rupia mbili, kwa kiwango cha mwaka 1920, ni shilingi nne. Thumni ilivuka kwa hesabu kamili. Kwa nini dala ivuke kwa hesabu mbovu?

Basi nikauliza swali ambalo anapaswa kuulizwa kila anayesimulia habari ya dola ya Marekani: kuna wakati wowote ambapo dola ilikuwa shilingi tano? Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa sawa na ya Uingereza, 20 kwa pauni. Kuanzia mwaka 1925 hadi 1931 pauni ilikuwa dola 4 na senti 86, kwa hiyo dola ilikuwa shilingi nne na ushei. Mwaka 1949, Septemba, pauni ilishushwa hadi dola 2 na senti 80, na hapo ndipo dola ilipofika shilingi 7 na senti 14. Katikati kuna dirisha moja la kudumu. Tangu mwaka 1940 hadi Septemba 1949, pauni ilifungwa kwenye dola 4 na senti 3. Gawa shilingi 20 kwa kiasi hicho: shilingi 4 na senti 96. Shilingi tano kasoro senti nne, kwa muda wa miaka tisa mfululizo. Je, ni bahati tu kwamba dirisha hilo linaangukia kwenye Vita vya Pili?

Sidhani. Waingereza wenyewe, katika lugha yao ya mitaani, waliita shilingi tano dola, na shilingi mbili na nusu nusu dola. Vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walitumikia keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, wakafika Uhabeshi, Bukini na Burma, wakilipwa kwa shilingi na kuagizwa na watu waliosema hivyo. Vita vina tabia ya kuacha maneno mitaani kwetu. Vya kwanza vilituachia Kariakoo, Dar es Salaam na Nairobi, kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Keya lenyewe ni herufi za jina la jeshi zilizotamkwa Kiswahili. Askari anayerudi na malipo yake ana kila sababu ya kuipa jina noti ya shilingi tano. Nauona ushahidi huu kuwa na nguvu kuliko mwingine wote nilioupima, kwa sababu namba, miaka na watu vinakutana. Je, unatosha kuifuta simulizi ya mtaani?

Unairekebisha, hauifuti. Wanaosema dala ni dola wako sahihi. Wanaosema dola ilikuwa shilingi tano nao wako sahihi, ila kwa miaka ya 1940, si ya 1980. Kilichopotea katika kusimulia ni kizazi kimoja kizima katikati, kile kilichoshika jina hilo kwa miaka zaidi ya 30 baada ya benki kuibadilisha bei, kikalikabidhi kwa konda. Thumni ilikaa zaidi ya karne nzima kwa namna hiyo hiyo. Peni iliishi baada ya Waingereza kuondoka. Hela iliishi baada ya Wajerumani. Kila mara serikali ilifuta sarafu na watu wakabaki na jina. Kama wazee hawa waliweza kuvusha majina katika tawala tatu, ni kitu gani hatimaye kiliyakatiza?

Bei ndiyo iliyoyakatiza. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 shilingi ilishuka kwa kasi, thumni haikununua tena sukari, kisha dala haikununua nauli, na neno lisilonunua kitu halina wa kulitamka. Waliokuja wakaanza upya: jero kwa shilingi 500, buku kwa 1,000, msimbazi kwa noti nyekundu ya 10,000. Dala imebaki ubavuni mwa mabasi tu. Kipo kipimo kimoja zaidi, na hicho ndicho ninachokifuata sasa: madaftari ya mikopo ya maduka ya miaka ya 1940, mengi yakiwa kwa Kigujarati, ambamo mwenye duka aliandika deni kama mteja alivyolitaja. Nani ana daftari la namna hiyo juu ya kabati, la miaka ile tisa, lenye shilingi tano iliyoandikwa kwa jina jingine?